UZI: Nafuu ya kodi ya dawa yatima Marekani (kifungu cha 45C cha sheria ya kodi): inavyohesabiwa, inavyopotea, na inapogusa majaribio ya Afrika Mashariki

#1 Mizania_Safi

Wakuu, kila mjadala wa bei za dawa ukianza humu, hasa za selimundu na kalazaa (ugonjwa wa vimelea vya leishmania), lazima atokee mtu aseme "serikali ya Marekani inazirudishia kampuni nusu ya gharama", na hapo hesabu inaishia. Hiyo nusu iliondolewa 2017, na hata ilipokuwepo haikupatikana kirahisi hivyo. Naweka utaratibu wenyewe. Wenye swali waulize.

Msingi ni Sheria ya Dawa Yatima (yaani dawa za magonjwa adimu), iliyosainiwa na Rais Reagan tarehe 4 Januari 1983. Ugonjwa unahesabiwa adimu ukiwa na wagonjwa chini ya 200,000 ndani ya Marekani. Kigezo hicho cha idadi kiliongezwa 1984. Mwanzoni kampuni ilitakiwa kuonyesha kwamba mauzo ya Marekani hayatarudisha gharama zake. Njia ya zamani bado ipo, ila wachache sana wanaipita, kwa sababu inakulazimu kuifungulia FDA (mamlaka ya dawa ya Marekani) vitabu vyako vya hesabu.

Shikeni maneno "ndani ya Marekani". Malaria huko ina wagonjwa takriban 2,000 kwa mwaka, wengi wao wasafiri. Kwa hiyo kwa sheria yao malaria ni ugonjwa adimu. Usubi (upofu wa mtoni), malale na kalazaa vilevile. Selimundu ina wagonjwa kama 100,000, nayo inaingia.

Dawa ikipewa hadhi ya dawa yatima inapata haki ya kuuzwa peke yake kwa ugonjwa huo miaka 7 baada ya kuidhinishwa, inasamehewa ada ya ombi la kuidhinishwa (sasa ni zaidi ya dola milioni 4 kwa ombi lenye data za majaribio ya binadamu), inaweza kuomba ruzuku ya majaribio, na inapata nafuu ya kodi. Uzi huu ni wa hiyo ya mwisho.

Nafuu ni asilimia 25 ya gharama za majaribio ya dawa kwa binadamu. Inakatwa kwenye kodi yenyewe, baada ya kodi kupatikana. Ni tofauti na gharama ya kawaida, ambayo hutolewa kwenye mapato kabla ya kupiga kodi. Dola 1 ya nafuu inapunguza kodi kwa dola 1. Dola 1 ya gharama ya kawaida inapunguza kodi kwa senti 21, maana kodi ya kampuni ni asilimia 21. Lakini si fedha taslimu. Usiyekuwa na kodi ya kulipa hurudishiwi kitu. Unairudisha nyuma mwaka 1 au kuisogeza mbele hadi miaka 20.

Masharti yanayowaangusha wengi ni haya. Jaribio liwe limefanyika BAADA ya tarehe ya barua ya FDA inayotoa hadhi, na KABLA dawa haijaidhinishwa kwa matumizi hayo. Liwe chini ya IND, yaani kibali cha FDA cha kujaribu dawa kwa binadamu. Lifanywe na mwenye hadhi au kwa niaba yake. Na lihusu ugonjwa uleule uliotajwa kwenye barua.

Inadaiwa kwa Fomu 8820, kisha inaingia kwenye Fomu 3800 pamoja na nafuu nyingine za biashara. Wanataka jina la dawa, namba ya ombi la hadhi na tarehe hadhi ilipotolewa. Kwa hiyo suala la tarehe halina pa kujificha.

#2 Jirani_wa_Bandari

Asante mkuu. Hapo kwenye "gharama za majaribio": zote? Hata kodi ya jengo, ndege za madaktari, maabara ya panya?

#3 Mizania_Safi

Hapana, na hapo ndipo wahasibu wageni wanapojaza vitu visivyotakiwa. Sheria imeazima tafsiri ya gharama za utafiti kutoka kifungu cha 41, ambacho ni nafuu ya utafiti wa kawaida. Zinazokubalika ni mishahara, vifaa vinavyotumika na kuisha, na malipo kwa wanaofanya utafiti kwa mkataba.

Mishahara ni ya anayefanya jaribio, anayemsimamia moja kwa moja, au anayemsaidia moja kwa moja: daktari wa jaribio, msimamizi wa data, anayekwenda vituoni kukagua fomu za wagonjwa. Mkurugenzi mkuu kuhudhuria kikao cha mwezi haimfanyi mtumishi wa jaribio. Weka daftari la muda kwa kila mtu, na uligawe kwa jaribio, si kwa idara.

Vifaa ni dawa yenyewe iliyotengenezwa kwa ajili ya jaribio, dawa ya kulinganishia, vitendanishi, vichupa vya damu. Mashine inayochakaa kwa miaka haimo. Kodi ya pango, umeme, nauli na hoteli havimo.

Kwenye mkataba ndiko kifungu cha 45C kinapoonyesha ukarimu. Chini ya kifungu cha 41, ukiilipa kampuni ya kuendesha majaribio, inahesabiwa asilimia 65 tu ya malipo. Chini ya 45C inahesabiwa asilimia 100. Na kwa kuwa kampuni nyingi ndogo za dawa hazina kliniki hata moja, sehemu kubwa ya bajeti yao iko kwenye hiyo mikataba.

Maabara ya panya: nje kabisa. Ni majaribio kwa binadamu tu. Utafiti wa namna ya kuzalisha dawa kiwandani nao nje, ingawa unaweza kuingia kifungu cha 41. Gharama moja haiwezi kuchukuliwa mara mbili. Ukiipeleka 45C, 41 umeiaga. Na ruzuku: kilicholipwa na ruzuku ya serikali au taasisi si gharama yako, kitoe.

#4 Mtafiti_Kanda_ya_Ziwa

Wakuu, mbona kwenye magonjwa haya wagonjwa wako huku kwetu? Kampuni ya Marekani ikifanya jaribio la kalazaa Kenya au Uganda inapata hiyo 25%? Nimesikia majibu mawili yanayopingana.

#5 Dawa_na_Sheria

Majibu yote mawili ni sahihi, inategemea. Kanuni ni kwamba jaribio la nje ya Marekani halihesabiwi. Halafu kuna mlango mmoja wenye komeo mbili, na lazima zote zifunguke.

Komeo la kwanza: Marekani kusiwe na watu wa kutosha kwa jaribio hilo. Kinachopimwa ni kama wanapatikana watu wanaofaa, kwa idadi inayoweza kutoa data za kuaminika. Kalazaa, malale, usubi, malaria: hoja inajisimamia yenyewe. Ndiyo maana majaribio makubwa ya moxidectin kwa usubi yalifanyika Ghana, Liberia na Kongo, na ya fexinidazole kwa malale yakafanyika Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Usingeweza kuyafanya Ohio.

Selimundu ni habari nyingine. Tanzania huzaliwa watoto takriban 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na kwa mtafiti Dar es Salaam ni mahali pazuri kuliko Boston. Lakini mkaguzi wa IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) atakuuliza: nchi ina wagonjwa 100,000, wewe umehitaji 150, umewakosaje? "Huku ni haraka na rahisi" si jibu la kisheria. Jibu lingeweza kuwa kwamba jaribio linataka watoto chini ya miaka 5 ambao hawajawahi kupewa hydroxyurea (dawa ya selimundu), na Marekani wengi wameshaanzishiwa. Hoja ya namna hiyo iandikwe kabla ya jaribio kuanza, na orodha ya vituo vilivyoulizwa na idadi waliyosema wanaweza kuipata. Ikiandikwa miaka mitatu baadaye, barua ya ukaguzi ikiwa mezani, haina uzito.

Komeo la pili: anayefanya jaribio awe raia au kampuni ya Marekani, AU mtu yeyote asiyekuwa na uhusiano wa umiliki na mwenye hadhi. Hapa kuna mtego. Taasisi ya utafiti ya Kenya au Uganda isiyomilikiwa na kampuni hiyo inafaa. Kampuni ya Kimarekani iliyotumwa kuja kuendesha jaribio Nairobi inafaa. Lakini mwenye hadhi akifungua kampuni tanzu yake, iliyosajiliwa Kenya, ikaendesha jaribio, hiyo si ya Kimarekani na ina uhusiano naye. Imeanguka yote. Watu hufungua tanzu kwa sababu nyingine kabisa, ajira, akaunti ya benki, forodha, bila kumuuliza wa kodi.

Tena kuna la tatu ambalo wengi hawaliwazi: IND. FDA inaweza kupokea data za jaribio lililofanyika nje bila IND, mradi lilifuata maadili na ubora unaotakiwa na wanaweza kulikagua. Wanasayansi wakisikia hivyo wanaruka IND ili waanze mapema kwa kibali cha nchi husika tu. Data zitapokelewa, dawa inaweza hata kuidhinishwa, lakini nafuu ya kodi hakuna, kwa sababu 45C inataka jaribio lililo chini ya IND. Kwa hiyo kituo cha Kenya kinatakiwa kiwe na kibali cha Bodi ya Famasia na Sumu, leseni ya NACOSTI (tume ya sayansi ya Kenya) na kibali cha maadili, na WAKATI HUOHUO kiwe ndani ya IND. Tanzania ni TMDA (mamlaka ya dawa) na NIMR (taasisi ya utafiti wa magonjwa).

#6 Mizania_Safi

Nakazia alichosema #5 kwa hesabu. Kampuni ya kubuni, iko Massachusetts, ina dawa ya kalazaa, jaribio linafanywa Kenya na taasisi isiyo na uhusiano nayo, chini ya IND. Jaribio limeanza 1 Machi. Barua ya hadhi imetoka 1 Juni. Matumizi ya mwaka:

Mishahara ya timu ya jaribio iliyoko Marekani: 900,000, kati yake 300,000 ni ya kabla ya 1 Juni.
Malipo kwa taasisi ya Kenya: 3,000,000, kati yake 600,000 ni kwa kazi ya kabla ya 1 Juni.
Dawa ya jaribio: 500,000, yote baada ya 1 Juni.
Ruzuku iliyolipia sehemu ya kazi ya Kenya baada ya 1 Juni: 700,000.

Gharama zinazokubalika: 600,000 + 2,400,000 + 500,000 − 700,000 = 2,800,000. Asilimia 25 ni dola 700,000.

Sasa tazama kilichobaki nje. Ile 300,000 ya mishahara inaweza kwenda kifungu cha 41, kwa kuwa kazi ilifanyika Marekani. Ile 600,000 ya Kenya haina pa kwenda. Kifungu cha 41 hakikubali utafiti wa nje ya Marekani hata kidogo, hakina mlango wa "hakuna wagonjwa wa kutosha". Kwa jaribio la Marekani, kuchelewa hadhi kunakushusha daraja kutoka 25% kwenda nafuu ndogo. Kwa jaribio la Afrika kunakupeleka sifuri. Miezi 3 hapa imekula dola 225,000 za nafuu ya 45C, na kuomba hadhi FDA hakuna ada.

Chaguo jingine kwenye fomu: ukichukua 25% kamili, unatakiwa upunguze gharama zako za kawaida kwa kiasi kilekile cha nafuu, usile mara mbili. Au unachagua nafuu iliyopunguzwa ya asilimia 19.75, na gharama zako zinabaki kamili. Kwa mfano wetu ni 553,000. Tofauti ni 147,000, ambayo ni 21% ya 700,000. Kwa kampuni inayolipa kodi mwaka huohuo ni yaleyale. Kwa kampuni changa yenye hasara si yaleyale: hasara za kuanzia 2018 hazina ukomo wa miaka, ila zinafuta asilimia 80 tu ya mapato ya mwaka; nafuu yenyewe inakufa baada ya miaka 20. Wengi wenye hasara nyingi huchukua 25% kamili, maana gharama zaidi zingewaongezea hasara tu. Uamuzi wa 19.75 unafanywa kwenye ritani ya awali iliyopelekwa kwa wakati, pamoja na muda wa nyongeza, na haubadilishwi.

Na msisahau upande wa gharama zenyewe. Utafiti wa nje ya Marekani hutolewa kwenye mapato kidogokidogo kwa miaka 15, hata kama umepewa nafuu ya 45C. Wa ndani ulikuwa miaka 5 kuanzia 2022, na sheria ya Julai 2025 imerudisha kuutoa wote mwaka huohuo kwa miaka ya kodi inayoanza baada ya 31 Desemba 2024. Wa nje haukuguswa.

#7 Sauti_ya_Mgonjwa

Mimi naona mnapamba. Hii ni njia ya kampuni tajiri kukwepa kodi. Humira ni dawa iliyouzwa kwa mabilioni na ina hadhi ya dawa yatima! Wanaukata ugonjwa vipande vipande hadi kila kipande kiwe "adimu".

#8 Dawa_na_Sheria

Humira ni kweli ina hadhi kwa baadhi ya magonjwa ya watoto na ya macho, huku soko lake kubwa likiwa baridi yabisi. Sheria inaruhusu: hadhi inakwenda na matumizi, haiendi na dawa nzima. Na nafuu vilevile inahusu jaribio la matumizi hayo tu. Mwaka 2017 Seneti ilikuwa na pendekezo la kuwabana wanaotumia dawa iliyokwisha kuidhinishwa kwa kitu kingine, halikupita. Baraza la Wawakilishi lilitaka kuifuta nafuu yote. Wakakutana kwenye asilimia 25.

Kukata vipande: FDA haikubali "wagonjwa wa hatua ya nne tu" kwa sababu ni wachache. Unatakiwa uonyeshe kwamba kuna jambo kwenye dawa yenyewe, kwa mfano sumu yake au jinsi inavyofanya kazi, linaloifanya isifae kwa waliobaki. Maombi mengi hukwama hapo.

Lakini kuhusu "tajiri": wakosoaji wanaisoma 50 kwenda 25 kama kupunguzwa nusu, na watetezi wa kampuni wanaisoma hivyohivyo. Wote hawajahesabu kodi iliyoshuka mwaka uleule kutoka asilimia 35 hadi 21. Chukua kampuni inayolipa kodi, imetumia dola 1 kwenye jaribio.

Kabla ya 2018: nafuu senti 50, gharama iliyobaki ya senti 50 inaokoa kodi ya 35%, yaani senti 17.5. Serikali imebeba 67.5, kampuni 32.5.
Sasa: nafuu senti 25, gharama iliyobaki ya senti 75 inaokoa 21%, yaani senti 15.75. Serikali imebeba 40.75, kampuni 59.25.

Mzigo wa kampuni kwa kila dola ya jaribio umepanda kwa zaidi ya asilimia 80. Kamati ya Pamoja ya Kodi ya Bunge lao ilikadiria kwamba hazina ingeokoa dola bilioni 32.5 kwa miaka 10. Kubwa hilo. Ila kampuni kubwa hiyohiyo ilipunguziwa kodi kwenye mauzo yake yote, kwa hiyo kwake maumivu yalifidiwa. Aliyeumia ni mwenye dawa moja tu na faida ndogo.

#9 Mtafiti_Kanda_ya_Ziwa

Mkuu hiyo barua ya hadhi inaombwaje, na inachukua muda gani? Tarehe inaonekana ndiyo kila kitu.

#10 Kipimo_Sahihi

Unapeleka ofisi ya FDA ya bidhaa yatima, OOPD, kwa Fomu 4035, kupitia mtandao. Huhitaji kuwa na IND kwanza, wala hakuna ada. Wanalenga kujibu ndani ya siku 90. Mwombaji aliye nje ya Marekani anatakiwa awe na wakala anayeishi kule.

Sehemu zenye kazi ni mbili. Ya kwanza ni ushahidi kwamba dawa inaweza kufanya kazi kwa ugonjwa HUO. Bora data za wagonjwa, hata wachache, zinazohusu dawa hiyohiyo. Zisipokuwepo, mnyama mwenye mfano wa ugonjwa huo. Kwa kalazaa wapo panya wa aina ya hamsta wanaoambukizwa leishmania, kwa hiyo usije na data za seli kwenye sahani ya maabara peke yake. Zitarudishwa isipokuwa ueleze kwa nini mfano wa mnyama haupo.

Ya pili ni idadi ya wagonjwa. Makosa ninayoyaona kwenye rasimu ni yaleyale. Mtu anaweka wagonjwa wapya wa mwaka kwa ugonjwa wa kudumu, wakati wanaotakiwa ni wote waliopo siku ya ombi. Mtu anatoa wastani wa makadirio matatu. Wao wanataka kadirio la juu, au sababu nzuri ya kuliacha. Mtu anatumia takwimu za miaka 15 iliyopita bila kuzipandisha kwa idadi ya watu ya sasa. Na huku kwetu mtu anaandika kurasa 6 za hali ya ugonjwa Baringo na Amudat, halafu mstari mmoja kuhusu Marekani. Geuza. Kwa chanjo, kipimo au dawa ya kinga, kinachohesabiwa ni watakaopewa kwa mwaka, wasifike 200,000.

Ukipungukiwa wanakuandikia barua ya kasoro na una mwaka 1 wa kujibu. Lakini tarehe ya hadhi ni ya barua ya mwisho ya kukubali, haiwi siku uliyoomba. Kwa hiyo hesabu siku 90 mara mbili, uombe angalau miezi 6 hadi 8 kabla ya mgonjwa wa kwanza kuandikishwa. Ukishapata, ripoti ya kwanza ndani ya miezi 14, kisha kila mwaka hadi dawa iidhinishwe.

#11 Jirani_wa_Bandari

Swali la mwisho kwangu: kampuni changa haina faida hata senti, sasa nafuu isiyolipwa taslimu inaisaidia nini? Na haya mashirika yasiyo ya faida?

#12 Mizania_Safi

Inaisaidia siku itakayopata faida, au siku itakayonunuliwa. Kabla ya 1996 haikuwa hata hivyo: nafuu usiyoitumia mwaka huo ilipotea, kwa hiyo kwa miaka ya mwanzo ilikuwa ya wakubwa tu. Na ilikuwa inaisha muda na kuongezwa mara kwa mara, hadi 1997 ilipofanywa ya kudumu.

Lakini kuna mambo mawili yanayoila ikiwa kwenye akiba. La kwanza ni umiliki kubadilika. Hisa zikihama kwa zaidi ya asilimia 50 ndani ya miaka 3, kifungu cha 383 kinaweka kikomo cha nafuu ya zamani unayoweza kutumia kwa mwaka. Kampuni changa huongeza wawekezaji raundi baada ya raundi, na inaweza kuvuka mstari huo bila mtu kutambua. Mnunuzi makini hulipia nafuu hiyo kwa bei ya chini sana, au halipii kabisa, mpaka aone uchambuzi wa hisa tangu siku ya kwanza.

La pili, hata mwenye faida hafuti kodi yote. Kwa kawaida lazima ibaki robo ya kodi inayozidi dola 25,000. Mwenye kodi ya milioni 10 atabakiwa na 2,493,750 ya kulipa, na nafuu zake zote za biashara kwa pamoja hazitavuka 7,506,250. Inayozidi inasogea mbele.

Kampuni ndogo yenye mapato chini ya milioni 5 ina njia nyingine ambayo watu huichanganya na hii: nafuu ya kifungu cha 41 inaweza kukatwa kwenye kodi ya mishahara, hadi dola 500,000 kwa mwaka. 45C haina ruhusa hiyo. Kwa hiyo kwa jaribio lililofanyika Marekani, kampuni isiyo na fedha huweza kuamua gharama ziende 41 ipate nafuu ndogo leo, badala ya 25% ya miaka 9 ijayo. 45C haijilazimishi, inachaguliwa. Kwa jaribio la Afrika uchaguzi huo haupo.

Mashirika yasiyo ya faida: hayalipi kodi, nafuu haiuziki, basi kwao ni karatasi. Ndiyo sababu kwenye magonjwa ya kitropiki kinachozungumzwa ni vocha ya ombi la dawa kupitiwa haraka na FDA, iliyoanza 2007. Ukiidhinishiwa dawa ya malale au usubi unapewa vocha, na vocha INAUZIKA. Moxidectin ilipata mwaka 2018 kwa shirika lisilo la faida la Australia. Bei zimewahi kuwa dola milioni 67.5 mwaka 2014 na milioni 350 mwaka 2015, hizo zikiwa vocha za magonjwa adimu ya watoto, ambazo hutumika kwa namna ileile. Kwa ugonjwa wa maskini, vocha ina nguvu kuliko 45C, sina ubishi.

#13 Sauti_ya_Mgonjwa

Na huku kwetu, au Ulaya?

#14 Kipimo_Sahihi

Ulaya: Kanuni 141/2000, wagonjwa wasizidi 5 kwa watu 10,000, miaka 10 ya soko, ada zinapunguzwa. Kodi imeachiwa kila nchi. Japani ni chini ya wagonjwa 50,000, na wana nafuu ya kodi pamoja na ruzuku. Tanzania gharama za utafiti hutolewa kwenye mapato kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004. Nafuu mahsusi ya magonjwa adimu ya mfano wa 45C hakuna.

#15 Dawa_na_Sheria

Niongeze la wenye taasisi huku, maana mikataba inaletwa ikiwa imeandikwa tayari na watu wanasaini. Mwenzako wa Marekani anahitaji vitu fulani kwenye mkataba ili 45C isimponyoke, na ukivijua una cha kujadili bei.

Mkataba usainiwe kabla kazi haijaanza. Malipo yawe ya kazi iliyofanyika, hata jaribio likishindwa. Malipo yanayosubiri matokeo mazuri hayahesabiwi kwake. Kwa hiyo akikuletea ratiba ya "tutalipa dawa ikifaulu", mwambie inamuumiza yeye kwanza. Malipo ya awali yanahesabiwa mwaka kazi inapofanyika, kwa hiyo atataka ankara zako zionyeshe tarehe za kazi, mgonjwa kwa mgonjwa au ziara kwa ziara. Bajeti iwe ya kila kituo na kila itifaki. Ankara moja ya "huduma za utafiti, robo ya pili" itamrudi. Gharama za nauli na ujenzi wa wodi ziwe mistari yake pekee, maana hizo hazimfai kwenye 45C na zikichanganywa zinachafua zote.

Halafu muulize nani mwenye hadhi. Ikiwa hadhi iko kwa chuo kilichogundua dawa, na anayelipa ni kampuni iliyopewa leseni, kampuni hiyo haidai chochote mpaka hadhi ihamishwe kwa jina lake FDA. Kuhamisha ni barua mbili, ya anayetoa na ya anayepokea. Mkiweza kuikumbusha kabla ya mgonjwa wa kwanza, sehemu ya hizo asilimia 25 iombeni iingie kwenye bajeti ya kituo.